Sema Kwanza, Mguu Utafuata

Katika kambi yetu ya wafanyakazi, Lubumbashi, mtoto alikijua king'ora cha kiwanda kabla ya kujua kusema. Kililia asubuhi wanaume wakaingia kazini, kikalia jioni wakatoka, na sauti yake ilifika hata mitaa isiyo na mtu wa kampuni. Mama alipika bukari, ugali wetu, kwa kufuata king'ora. Mwalimu alifunga darasa kwa king'ora. Na sisi watoto, kikilia cha jioni, tuliacha chochote tulichoshika tukakimbilia lango kuu. Baba zetu walitoka na gameli zao, yale makopo ya chakula cha kazini, na ndani ya gameli kila baba alibakiza kipande cha mkate. Mtoto wa kwanza kumfikia baba yake alibeba gameli mpaka nyumbani, na aliyebeba ndiye aliyekula.

Hatukuona kuwa ni mchezo. Tuliona kuwa ndivyo miguu inavyofanya king'ora kikilia.

Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa na ugonjwa wa moyo. Daktari wa zahanati ya kampuni alimweleza mama kwamba moyo una tundu katikati, na mshipa unaopeleka damu kwenye mapafu umebana, kwa hiyo damu yake inazunguka mwilini bila kupata hewa ya kutosha. Midomo yake ilikuwa kama ya mtoto aliyelamba wino. Kucha zake pia. Akikimbia kidogo alichuchumaa ghafla, magoti kifuani, kichwa chini, akabaki hivyo mpaka pumzi irudi. Hakuna aliyemfundisha kukaa vile. Mwili wake ulijitafutia wenyewe. Watoto wa kambi walimpa jina la Chura. King'ora kikilia naye akakimbia, kwa sababu alikuwa mtoto kama wengine, alianguka njiani karibu na bomba la maji, na wenzake walipita pembeni yake wakisema, "Chura, ruka basi, mukate inaisha."

Nilimbeba mgongoni mara nyingi kutoka kwenye bomba lile. Baridi ya mwili wake ilipenya nguo yangu.

Lakini kilichomchosha mama kuliko moyo kilikuwa kichwa. Mdogo wangu alijua kuhesabu, alijua majina ya majirani wote na ya mbwa wao, ila huwezi kumpa kazi yenye mambo mawili. Ukimwambia alete maji kisha afunge mlango, alileta maji, akaona mjusi, mlango ukasahauliwa na maji yakamwagika. Alijibu swali kabla halijaisha. Alivaa kiatu kimoja akatoka. Mwalimu wa darasa la kwanza alimrudisha nyumbani, akasema kwa upole kwamba mtoto huyu hawezi kungoja zamu yake, aletwe tena akishakomaa. Siku hiyo mama alicheka mbele ya majirani ili asilie. "Uyu mutoto, ukimutuma chumvi, anakuletea hadisi," alisema. Wanawake wakacheka naye. Mama mkubwa, dada yake mama, hakucheka. Alisema kuna mtu wa ukoo aliyefunga akili ya mtoto, na kwamba tutafute ni nani.

Aliyetusaidia ni muuguzi wa zahanati, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, ambaye wazazi wake walikuja zamani kutoka jimbo jirani kufanya kazi ya reli. Yeye alizaliwa hapa hapa, na watoto wake pia. Siku moja mama alimlalamikia, na mimi nilikuwa pembeni nimemshika mdogo wangu mkono asivute mizani ya watoto.

"Huyu mutoto haiko mujinga," alisema. "Kichwa yake inangojea damu nzuri, na damu inachelewa. Tangu tumboni inachelewa. Ile sehemu ya kupanga, ya kungojea, ya kushika neno wakati unafanya neno lingine, njo ilikosa."

Mama aliuliza kama kuna dawa. Muuguzi alisema dawa hakuna, ila kuna mazoezi, kama vile mguu uliovunjika unavyofundishwa tena kutembea. Akamweka mdogo wangu mbele yake, akamwonyesha karanga tatu kwenye kiganja. Mtoto akanyoosha mkono. Muuguzi akafunga ngumi.

"Papa, sema kwanza. Muguu itafuata."

Alimwita papa, yaani baba, kama tunavyomwita mtoto wa kiume. Alimtaka aseme kwa mdomo atakachofanya, kila hatua, kabla ya kukifanya: nitangoja, utafungua mkono, nitachukua moja, nitampa yaya. Yaya ni mimi, dada yake mkubwa. Ilichukua muda mrefu hata wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walianza kunung'unika. Mwishowe alisema yote na alichukua moja, akanipa. Sijui kwa nini karanga ile nilishindwa kuila. Niliifunga kwenye ncha ya kitambaa changu.

Muuguzi alitueleza njia yake. Kwanza mtu mzima aseme hatua kwa sauti huku akizifanya. Halafu mtoto aseme kwa sauti. Halafu anong'one. Mwisho aseme ndani ya kichwa, midomo tu ikitikisika. Usiruke hata ngazi moja, alisema, na usimpige akisahau, mwanzishe upya. Mama alikuwa na kazi nyingi, kwa hiyo kazi hii ikawa yangu.

Ilikuwa kazi ngumu kwangu kwa sababu mimi si mtu wa kusema. Shuleni nilimaliza darasa la sita bila kunyanyua mkono. Sasa ilinibidi nisimame uani, majirani wakisikia, niseme kama mwendawazimu: nachukua ndoo, naenda kwenye bomba, nangoja mama aliye mbele yangu, nafungua, nafunga. Wasichana wa rika langu walinicheka, wakaniuliza naongea na mume gani. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini nilisema.

Tulijifunzia zaidi kwenye munkoyo. Mama alikuwa ameanza kuuza kinywaji hiki sokoni, na munkoyo haumpendi mtu mwenye haraka. Unapika uji wa unga wa mahindi, unauepua kwenye mbabula, jiko letu la makaa, unaungoja upoe mpaka kidole kiweze kuingia na kukaa. Hapo ndipo unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na uji ule mzito unalainika wenyewe kuwa maji. Ukitia mizizi uji ukiwa moto, mizizi inakufa, uji unabaki uji, na siku ya mama imepotea. Mdogo wangu aliharibu sufuria ya kwanza, na ya pili, na nyingine baadaye. Aliona mvuke ukipungua, mkono ukaenda wenyewe. Mama alitaka kuacha. Nilimwomba avumilie, na hilo pia lilikuwa neno kubwa kutoka kinywani mwangu.

Halafu jioni moja nilimkuta amekaa mbele ya sufuria, ameweka mikono yote miwili chini ya mapaja, ameikalia. Alikuwa ananong'ona. "Uji iko moto. Nangojea. Natia kidole. Iko moto. Nangojea." Hakunisikia nikija. Nilikaa nyuma yake mpaka uji ulipopoa.

Baada ya hapo tuliingia kwenye king'ora. Nilimkalisha kizingitini muda ulipokaribia. Kikilia aseme: sirene inalia, nabakia chini, navuta mupepe kwa pua, naangalia, natembea. Mara za kwanza sikusubiri maneno, nilimshika kiuno, kwa maana miguu yake ilikuwa inaruka kama ya kuku aliyekamatwa. Watoto walipita wakikimbia, vumbi likatufunika. Alilia. Lakini ilifika siku alikaa bila kushikwa, akasema yote, akasimama, akatembea. Alifika langoni watu wote wamekwisha kutawanyika. Baba alikuwa amebaki peke yake mbele ya lango, ameshika gameli, anamngoja. Watu waliomwona walituambia baadaye kwamba wenzake walimwita waende na yeye akakataa kuondoka. Tangu siku hiyo baba alimngoja kila jioni, na mdogo wangu alikuja na gameli polepole, akiwa wa mwisho katika kambi nzima, midomo yake ikiwa na rangi karibu ya kawaida.

Mama alianza kusema juu ya shule tena. Kulikuwa pia na ahadi kwamba kampuni itampeleka Ulaya kupasuliwa moyo, kama ilivyowahi kufanya kwa mtoto wa mhandisi. Daktari alisema karatasi zimekwenda.

Kisha vitu vikaanza kuanguka, na vilianguka kwa utulivu, hata hatukutambua mara moja. Mshahara ulichelewa, halafu ukaja nusu, halafu haukuja. Unga wa posho, ambao kampuni iliwagawia wafanyakazi kila mwezi, ulipungua ukaisha. Tanuru moja lilizimwa, kisha jingine. Daktari alisafiri na hakurudi. Karatasi za Ulaya hakuna aliyezitaja tena. Baba alikwenda Kambove kuchimba mawe ya shaba kwa mkono pamoja na wachimbaji wengine, akasema akipata kitu atatuma kwa gari la kwanza. King'ora kiliendelea kulia kwa muda bila watu wa kuingia wala kutoka, halafu asubuhi moja hakikulia. Mama alikaa na unga mkononi mbele ya maji yaliyokwisha kuchemka, akisubiri. Nilimwambia kumekucha zamani. Watu wa kambi walichelewa kila kitu wiki ile, hata misa.

Na katika miezi hiyo hiyo walianza kuwafukuza watu ambao wazazi wao walitoka jimbo jirani. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiimba. Waliokuwa wakisali nasi Jumapili waliambiwa waende kwao, na kwao wengi hawakuwahi kukuona. Walilala kituo cha treni wakingoja mabehewa ambayo hayakuja. Tulipojua kwamba muuguzi yuko huko, mama alinituma nimpelekee munkoyo. Mdogo wangu alikataa kubaki.

Tulimkuta ameketi juu ya cherehani yake iliyofungwa kamba, na watoto wake wamelala juu ya magodoro kando ya reli. Harufu ya mahali pale ilikuwa ya watu wengi wasio na choo. Mdogo wangu alipomwona alichomoka mkononi mwangu. Muuguzi hakunyanyua mikono kumpokea. Alimtazama tu. Mtoto akasimama katikati ya vyungu vya watu, kifua kikipanda na kushuka, akachuchumaa. Tulingoja. Alipopata pumzi alinong'ona kitu ambacho sikusikia, akainuka, akatembea mpaka kwake. Hapo alimkumbatia.

Alikunywa munkoyo wetu, akawapa watoto wake. Nilimwuliza tufanye nini sasa yeye akienda. Aliniangalia kama mtu aliyesahau kwamba mimi nina sauti.

"Moyo sina la kufanya, mama," aliniambia, akiniita mama kama tunavyomwita binti kwa heshima. "Ya kichwa umeshika. Siku moja mutaachana naye, lazima, mutoto wa maskini habaki na muntu siku yote. Ukiona anaweza kubakia peke yake, ujue umemaliza."

Treni ilikuja siku nyingine, sisi hatukuwepo. Baadaye nilisikia kwamba njiani watu wengi walikufa, watoto kwanza. Habari zake sikuzipata.

Maneno yake yakawa kipimo changu: kubaki peke yake. Mama alikuwa sokoni mchana kutwa, nami nilipata kazi mtaa wa Hewa Bora, kwa mfanyabiashara aliyetoka Kivu ya Kaskazini na kuuza maharage kwa jumla. Nilichambua maharage kwenye bohari pamoja na wanawake wengine, nikatoa mawe na yaliyotobolewa. Jioni mke wa tajiri alinipa kikombe cha maharage na chenji kidogo. Alikuwa mtu wa dini na wa utani. Alisema ninafaa kazi hii kwa sababu maharage hayapendi kelele. Mdogo wangu alibaki na sufuria. Aliepua uji kwenye mbabula, alingoja, alitia mizizi, alifunika. Alifungua mlango kwa watu wetu tu. Kila jioni nilirudi nikiogopa kumkuta chini, na kila jioni nilimkuta amekaa, sufuria imefunikwa, anataka nimuulize hatua ili azitaje.

Siku yenyewe ilianza na uvumi. Askari hawajalipwa, walisema, na mjini wameanza kuvunja maduka. Mama hakwenda sokoni. Mimi nilikwenda kazini kwa sababu malipo ya jana nilikuwa bado sijapewa.

Jua lilikuwa juu kabisa niliposikia king'ora.

Hakikuwa kimelia kwa miezi mingi. Kilianza kwa kukwaruza, halafu kikapanda na kukaa pale juu, bila kushuka. Nilijikuta nimesimama, maharage yametapakaa miguuni, nimefika mlangoni mwa bohari. Mke wa tajiri alinishika gauni kwa nyuma.

"Unaenda wapi? Baba yako si iko Kambove?"

Miguu yangu ndiyo iliyokuwa inakwenda. Alinivuta ndani, mumewe akafunga lango kwa mnyororo, na tulikaa juu ya magunia, tukisikia watu wakikimbia barabarani na risasi kwa mbali. King'ora kilinyamaza, kikalia tena, kikanyamaza.

Mpaka leo sijui nani aliyekipiga. Wengine wanasema askari walitaka walinzi watoke nje. Wengine wanasema ni vijana walioingia kiwandani kuiba nyaya wakavuta mkono wa mashine kwa kucheza. Ninachojua ni kilichotokea kambini. Watu waliposikia waliamini kampuni imerudi. Hakuna aliyeuliza. Walidhani posho imefika, mshahara umefika, na wanawake walitoka na mabeseni, wazee na magunia, watoto mbele kama zamani, kambi nzima ikamiminika kwenye lango kuu. Lango lilikuwa limefungwa, na upande wa ndani kulikuwa na askari wakipakia gari. Walipoona umati walifyatua risasi. Waliokuwa mbele walitaka kurudi, waliokuwa nyuma walikuwa bado wanakuja, wakisukuma, wakiuliza unga unagawiwa upande gani.

Waliponifungulia mlango ilikuwa alasiri. Nilitembea pembeni mwa ukuta mpaka kambini. Njiani kulikuwa na kandambili nyingi, na mabeseni, mengine yamekanyagwa yakawa bapa. Karibu na bomba la maji nilianza kukimbia. Nilikuwa namtafuta chini, pale alipoangukia siku zote.

Hakuwapo. Alikuwa nyumbani, kizingitini, mikono chini ya mapaja. Mbabula ilikuwa imezimwa kwa majivu. Sufuria ilikuwa imefunikwa. Midomo yake ilikuwa inatikisika bila sauti. Niliposimama mbele yake hakuacha mpaka alipomaliza.

"Mama alikimbia," alisema. "Mi nilibakia."

Niliuliza amekwenda wapi, ingawa nilijua.

"Alibeba beseni. Nilimuambia, mama, sema kwanza. Hakusema."

Walimleta mama juu ya mlango wa mbao, wanaume wanne, mmoja wao jirani aliyekuwa akiimba na wale vijana waliofukuza watu. Hakuwa amepigwa risasi. Alikuwa amekanyagwa. Kifua chake kilikuwa kimeingia upande mmoja, na alipumua kwa juu juu, kama mdogo wangu alivyopumua siku zake mbaya. Zahanati ilikuwa imeporwa, hata vitanda. Tulimlaza kwenye mkeka, naye mdogo wangu alikaa kando yake akijaribu kumwinua magoti, kuyakunja kifuani, kwa sababu hiyo ndiyo dawa aliyoijua. Mama alilia kwa maumivu, ikabidi nimzuie. Nilimwambia kwa mama haifai. Aliuliza kwa nini kwa mama haifai. Alfajiri mama alikata roho.

Mama mkubwa alikuja na wanawake wa parokia. Kwenye kilio alisema tena habari za mtu wa ukoo, na safari hii alimwangalia mdogo wangu. Alisema mtoto mgonjwa amebaki, mama mzima amekwenda. Watu wafikirie wenyewe. Wengine walifikiri. Nilitaka kusimama nieleze karanga, uji, kizingiti, mwaka mzima wa kunong'ona. Nilifungua mdomo. Wote waligeuka kuniangalia. Nilikwenda tu kukaa karibu naye, nikaweka mkono wangu chini ya paja langu kama alivyofanya yeye.

Baba hakuja. Tulituma habari Kambove kwa madereva wawili.

Tajiri alifungua bohari tena wiki iliyofuata, na nyumbani kulikuwa hakuna unga. Mama mkubwa hakutaka kumchukua mdogo wangu, wala mimi sikutaka amchukue. Asubuhi nilimwosha uso. Kucha zilikuwa nyeusi zaidi kuliko wakati wa mama. Siku hizo alichuchumaa hata baada ya kuvaa shati. Nilimwekea bukari iliyofunikwa na maji kikombeni. Tulipitia hatua pamoja mara moja. Hakusahau hata moja. Alikuwa na haraka ya kuona kama nimeridhika.

Nilitoka nikavuta mlango. Nilisikia ufunguo ukigeuka kwa ndani, halafu sauti yake karibu kabisa na ubao.

"Nafunga mulango. Nakaa. Sirene ikilia, nabakia chini. Muntu akiita, nauliza nani. Yaya akirudi, nafungua."

Alirudia, chini zaidi. Akarudia tena, ikawa mnong'ono. Majirani walipita na ndoo zao wakanisalimu, nikaitikia kwa kichwa. Nilisimama pale nimeweka sikio kwenye mbao mpaka sauti yake ilipoingia ndani ya kichwa chake na mimi sikuisikia tena. Ndipo nikashika njia ya Hewa Bora.